Aya Niliyoifuta

Nimeisoma upya barua yangu ya kuomba kuhama chuo, Dar es Salaam kwenda Mwanza, kama ninavyosoma riwaya darasani. Msimulizi wake simwamini. Eti anahama kwa “kiu ya utafiti”. Baba aliyepooza nyumbani Mwanza hamtaji. Aya ya baba niliiandika, nikaifuta, nikihofia kuonekana naomba huruma. Shaaban Robert, katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, alijipa sehemu mbili na nafasi ya kuzeeka kati yake. Mwombaji ana ukurasa mmoja, na humo lazima awe ameshakamilika. Kasoro ya utanzu huu ndiyo hiyo, ingawa uoga ulikuwa wangu. Nilikubaliwa. Baba akataka nimsomee barua. Nilisoma, nikaichomeka ile aya kwa mdomo.