Hesabu ya Uaminifu Kando ya Mto Tana

Nyuma ya kila mkopo wa nyumba kuna swali moja: nikikukabidhi mali yangu leo, nitajuaje kama utairudisha? Benki hulijibu kwa hatimiliki, rehani na mnada. Jibu hilo limewafikia wachache. Kenya ina watu zaidi ya milioni 50, lakini mikopo ya nyumba ya benki ni takriban 30,000 tu. Huko Garsen, kando ya Mto Tana, na katika vijiji vya Waorma, jamii ya wafugaji, ambako wanawake hujenga nyumba za fito na nyasi, sehemu kubwa ya ardhi ni ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaitambua, ila mtu mmoja hawezi kuibeba hadi benki akaiweka rehani.

Jean Ensminger, mwanaanthropolojia wa uchumi kutoka Marekani, alilifuata swali hilo hadi zizini. Alianza utafiti mwaka 1978 kwa Waorma wa Galole, upande wa juu wa mto kutoka Garsen. Alipita kaya kwa kaya: mifugo mingapi, iliyouzwa ni ipi, nani ana mshahara, nani ana duka. Kumuuliza mfugaji idadi ya ng'ombe wake ni kama kumuuliza mwenye duka ana kiasi gani benki. Hujibiwi siku ya kwanza. Mwaka 1987 alirudi akauliza tena. Kitabu chake, Making a Market, kilitoka 1992, na uzito wake umo katika kurudi huko.

Chukua kambi za ng'ombe. Mifugo hupelekwa malisho ya mbali, mwenyewe akabaki kijijini. Mchungaji akikamua hadi ndama akalala njaa, nani atamwona? Ensminger alionyesha kwamba matajiri hawakutegemea kuwachunga wachungaji wao. Waliwapa mifugo na kuwafanya watu wa nyumbani, hata ikawa hasara ya kufukuzwa inazidi faida ya kuiba. Dhamana ipo, ila haijaandikwa karatasini.

Baadaye alileta michezo ya pesa taslimu. Katika mmoja, kila mtu alipewa fedha, akachangia kiasi alichotaka. Mtafiti akauzidisha mchango maradufu na kuugawa sawa kwa wote. Waorma waliutambua papo hapo: huu ni mchezo wa harambee! Katika mchezo mwingine, wa kugawana pesa na mtu usiyemjua, waliotoka kaya zenye mshahara au biashara walitoa zaidi ya waliotegemea mifugo peke yake. Waliozoea kusema soko huua ukarimu walipata la kufikiria.

Anayekaa sana huona na uchafu pia. Mwaka 2017 alichapisha uchambuzi wa ufisadi katika mradi wa maeneo kame wa Kenya uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Walioujua mradi huo kijijini walikuwa tayari kumweleza, kwa sababu hakuwa mgeni wa wiki mbili.

Basi mtaalamu wa mikopo ya nyumba atakayekuja Garsen asianze na riba. Aanze kwa kuuliza nani anamchungia nani, kwa makubaliano gani, na nani humdhamini nani mambo yakiharibika. Kisha arudi baada ya miaka tisa, kwa kaya zilezile, aulize tena.