Chuo cha Kale Ndani ya Chuo Kikuu: Utenzi wa Hemedi Abdallah na Wajibu wa Maktaba

Katika Kiswahili cha kale neno "chuo" lilikuwa na maana mbili: lilikuwa kitabu, na lilikuwa mahali pa kufundishiwa kitabu. Maana ya kwanza imesalia katika majina ya tungo kama Chuo cha Herekali. Ya pili imeongezewa sifa ikawa chuo kikuu. Yafaa jambo hili likumbukwe kila maktaba ya chuo kikuu inapoadhimisha utamaduni wa wenyeji, kwa sababu maana hizo mbili aghalabu hutenganishwa. Siku moja hufanywa sherehe: khanga hutundikwa, ngoma hupigwa, na hati kongwe huwekwa ndani ya kioo ili itazamwe. Siku nyingine wanafunzi huitwa wafundishwe kutafuta vitabu na kupima ushahidi. Sherehe hupita bila mafunzo, na mafunzo hupita bila urithi. Hasara ya mtengano huu hudhihirika upesi ikichukuliwa kazi moja tu ya pwani ya Tanga.

Kazi hiyo ni Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah bin Said el Buhriy. Vita vyenyewe vyajulikana katika historia. Mwezi wa Agosti 1888 watu wa kampuni ya Kidachi walitweka bendera yao Pangani. Abushiri bin Salim akaongoza upinzani, na Bwana Heri akapigana Saadani. Abushiri akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Mtunzi alikuwa mtu wa pwani hiyo na wa zama hizo. Utenzi aliuandika kwa herufi za Kiarabu, na mwaka 1955 J. W. T. Allen aliutoa kwa herufi za Kirumi pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Wengi huusoma utenzi huu kama taarifa ya vita. Usomaji huo si batili, ila ni nusu. Hemedi huyo huyo ndiye aliyetunga Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani na Utenzi wa Seyyidna Huseni bin Ali, zilizochapishwa mwaka 1961 na 1965 katika mfululizo wa Johari za Kiswahili. Kalamu iliyosimulia mauti ya Huseni ndiyo iliyosimulia manowari za Wadachi, na kwa umbo lile lile: mishororo minne, kila mmoja mizani nane, mitatu ikikubaliana kwa kina na wa nne ukishika kina kimoja tangu mwanzo hata mwisho. Kwa hiyo swali la mhakiki haliishi katika kuuliza ni nini kilichotokea. Linaendelea mbele: mtunzi aliyezoea kusimulia vita vya mashujaa wa dini, vita vilipofika mlangoni pake alichukua nini katika sanaa ya wazee, na alilazimika kuacha nini? Swali hilo halijibiwi na hati iliyofungiwa ndani ya kioo. Lataka tungo zote mezani, na msomaji mwenye subira.

Lipo na jambo zito zaidi. Katika maandishi ya kale ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mara nyingi herufi ya "be" ilisimama mahali pa b, pa p na pa mb. Na alama ya kasra ilitumika kwa i na kwa e. Hivyo neno moja lililoandikwa kwa "be" na "lamu", kila moja na kasra yake, laweza kusomwa pili, pele, mbili au mbele. Mizani haisaidii, maana yote manne yana mizani mbili. Kina nacho hakitoshi, kwa kuwa maandishi hayatofautishi li na le. Huamua maana ya ubeti, mazoea ya lugha ya mahali, na masikio ya aliyewahi kusikia utenzi ukisomwa kwa sauti. Basi kila ukurasa uliopigwa chapa ni hukumu ya mhariri juu ya maneno ya mtunzi. Hukumu yaweza kuwa njema sana, kama zilivyo nyingi za Allen. Lakini mwanafunzi asiyejua kwamba ni hukumu huipokea kana kwamba ni sauti ya Hemedi mwenyewe.

Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, aliandika utenzi wake mrefu wa vita, Utenzi wa Vita vya Uhuru, kwa herufi za Kirumi. Kwa hiyo mwanafunzi wa leo anaweza kumsoma Shaaban Robert kwa herufi alizozitumia. Hemedi, aliyemtangulia kwa muda usiozidi umri wa mzee mmoja, humsoma kwa macho ya mwingine.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari haikukosekana. Mwaka 1970 ilichapishwa Leiden orodha ya Allen ya hati za Kiswahili na Kiarabu, pamoja na kanda za sauti, zilizomo katika maktaba ya chuo kikuu Dar es Salaam. Lakini daftari isiyofunguliwa ni kama daftari isiyoandikwa, na hati inayokosa wa kuisoma imekwisha kupotea ingawa mchwa hawajaigusa.

Atatokea wa kusema kwamba herufi hizo ni kazi ya wataalamu wachache. Kweli, umahiri ni wa wachache. Lakini kujua shaka iliko ni haki ya kila mwanafunzi, na saa moja juu ya ubeti mmoja yatosha kumfunza. Tangu mwaka 2022 tarehe 7 Julai imeadhimishwa kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Siku kama hiyo maktaba na itoe nakala ya ubeti mmoja, isikizishe kanda, imkaribishe mzee wa Tanga au Pangani ausome, kisha kila mwanafunzi aandike usomaji wake na sababu zake. Hapo sherehe itakuwa utafiti, na chuo kitakuwa tena ndani ya chuo.