Moshi Unaopandisha Mlima

Lori lililotoka Kasindi limeinamishwa kichwa mbele kwenye gereji moja ya Butembo. Limepungukiwa na nguvu, linatoa moshi mweusi, na milima lilikuwa linaipanda kwa gia ya kwanza. Fundi ameshafungua turbo. Ameipakata mapajani, chuma chenye umbo la konokono wawili waliopeana mgongo.

Anashika ncha ya mhimili kwa vidole viwili na kuusukuma upande. Unacheza kidogo, na ndivyo inavyotakiwa, kwani beringi zake zimeachiwa nafasi ya kujaa oili. Kisha anausukuma ndani na kuuvuta nje. Hapo anatulia na kufumba macho, vidole ndivyo vinavyosikiliza. Mchezo wa ndani na nje haupaswi hata kuhisika, maana mapanga yake yakigusa ukuta wa turbo yanaliwa mara moja. Mhimili huu mfupi, injini ikikazana, huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Kinachouzungusha ni kitu ambacho wengi wetu tunakiona ni taka. Karibu theluthi moja ya nguvu iliyomo kwenye dizeli hutokea kwenye ekzosi kama joto na kupotelea hewani. Turbo husimama njiani na kuidai sehemu yake. Moshi wa moto husukuma gurudumu la upande mmoja, nalo gurudumu la upande wa pili husukuma hewa safi ndani ya injini.

Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alilipatia wazo hilo hataza mwaka 1905. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege hadi kilele cha Pikes Peak, zaidi ya meta 4,000, akaonyesha kwamba turbo huirudishia injini pumzi inayoipoteza mlimani. Watu wa Butembo hawahitaji kuambiwa maana yake. Mji wao umekaa juu kiasi kwamba kanieneo ya hewa iko chini ya ile ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Shehena iliyoshushwa bandarini kule hufika huku kwa msaada wa moshi wa lori lenyewe.

Turbo nyingine iko tayari kufungwa, lakini fundi haifungi. Anataka kwanza kujua ya zamani imeuawa na nini. Anafungua bomba jembamba la oili, anapitisha waya, na waya unatoka na masizi magumu kama makaa. Oili iliungulia humo, njia ikaziba, beringi zikakauka. Analisafisha mpaka hewa ipite bila kukwama. Anamimina oili safi kwenye mdomo wa turbo mpya na kuuzungusha mhimili kwa kidole, taratibu, mpaka oili itokee upande wa pili. Kijana anayejifunza kwake anauliza kama wawashe. “Bado, mwanangu,” anamjibu, “inywe kwanza.”

Mhimili wa namna hiyohiyo ukiunganishwa na jenereta hutoa umeme. Magari ya mashindano ya Formula 1 yalifanya hivyo kuanzia mwaka 2014 hadi 2025, yakivuna umeme kutoka kwenye moshi. Chombo kile kilikuwa cha gharama kubwa mno, lakini kanuni yake ndiyo iliyokuwa mapajani mwa fundi huyu, na uangalifu kilioudai ni huuhuu.

Dereva mwenzangu, ukimaliza kupanda mlima usizime injini papo hapo. Iache ingurume taratibu dakika mbili, oili ipoze mhimili kabla injini haijasimama. Na oili ibadilishwe kwa wakati wake. Kazi ya mikono ya fundi hudumu kwa mambo hayo mawili.