Wapima Mitutu wa Birmingham

Bunduki ya marisau ya mitutu miwili iliyoachwa na babu huja na sifa nyingi na karatasi chache. Nchini Uingereza, sifa hizo huhojiwa na wapimaji wa Birmingham, ambao taasisi yao ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813, kwa maombi ya mafundi bunduki wa mji huo wenyewe. Wafanyabiashara kujitakia mkaguzi! Hongera yao kwa hilo tu.

Kazi yao ni ya kikatili: mtutu hufyatuliwa kwa baruti kupita kiasi cha kawaida, na ukihimili hupigwa mihuri. Anayejua kuisoma huona kipenyo, urefu wa chumba cha risasi na baruti iliyotumika. Hapo ndipo roho huokolewa. Mitutu mingi ya damaski, ile yenye mawimbi yatokanayo na vipande vya chuma vilivyosokotwa na kufuliwa pamoja, ilijaribiwa kwa baruti nyeusi pekee, na vyumba vingi vya zamani ni vya milimita 65, vifupi kwa risasi nyingi za leo.

Muhuri, hata hivyo, hausemi kutu imekula nini baadaye. Kwa hiyo fundi mzuri hupima unene wa kuta kabla ya kusifu nakshi. Halafu hukataza msasa, maana ung'arishaji hufuta rangi, maandishi na thamani. Hupaka mafuta kidogo tu, na bunduki huisimamisha midomo chini, mafuta yasichuruzike na kuozesha mti wa kitako.