Gitaa moja, mwangwi mingi

Bandugu, nyimbo za gitaa moja ambazo vijana wanarekodi chumbani ziko mingi sasa, na zingine ni nzuri kabisa. Lakini nyingi zina ugonjwa mmoja: mwangwi. Mwimbaji anasikika kama yuko ndani ya kanisa tupu, maneno hatuyashiki. Ukiuliza, wanasema ni mikro ya bei ndogo. Sikubali.

Sikiliza «Masanga» ya Jean Bosco Mwenda, iliyorekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Gitaa moja, vidole viwili: gumba kinashika besi, cha shahada kinacheza juu. Zaidi ya miaka 70 imepita, na kila kidole tunakifuata bila shida. Hakukuwa na kompyuta ya kusafisha kitu.

Njo maana kazi inaanza mbele ya kufungua programu. Mwangwi wa kuta ukisha kuingia kwenye mikro, kuutoa ni shida kubwa. Kuongeza reverbe juu yake ni kumwaga maji kwenye matope. Tundika mablanketi. Weka mikro sentimita 25 hivi toka kwa gitaa, itazame freti ya 12, si lile tundu, juu tundu linavimbisha besi. Wakati wa kuchanganya, punguza gitaa pale linafunika maneno, mbele ya kupandisha mwimbaji. Na reverbe? Weka paka kidogo, hata kama marafiki watasema wimbo ni mukavu. Ule ukavu njo utatuonyesha kama mashairi yako yana kitu.