Ukiona Vyaelea: Uwanja wa Gofu Hujengwaje, na Tabora Ingeujengaje?

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ilinijia asubuhi niliyotembelea uwanja wa gofu wa Lugalo, kando ya Barabara ya Bagamoyo, nje ya katikati ya jiji la Dar es Salaam. Ni uwanja wa mashimo 18, nao uko chini ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Mgeni akifika pale huvutwa na uzuri: miti iliyoachiana nafasi, nyasi zilizonyolewa, utulivu wa watu wanaotembea bila haraka. Mimi mtu wa Tabora niliona maji. Barabara ile huelekea Bagamoyo, ambako misafara ya kale ya biashara iliyotoka kwetu Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, ilikuwa ikitua mizigo. Nikajiuliza: tungetaka uwanja kama huu kule ilikoanzia misafara hiyo, tungeujengaje?

Tuanze na sehemu ngumu kuliko zote, yaani grini, ile duara ya nyasi fupi yenye shimo la upana wa milimita 108. Grini hukatwa kwa kimo cha milimita 3 au 4 hivi, na kila siku hukanyagwa na makumi ya watu. Udongo wa kawaida ungeshindiliwa, hewa ikakosa njia, mizizi ikafa. Kwa hiyo grini nyingi za kisasa duniani hazikai juu ya udongo wa mahali. Kwa utaratibu uliotangazwa na chama cha gofu cha Marekani mwaka 1960, mafundi huchimba shimo la kina cha sentimita 40 hivi, hulaza mabomba ya kutolea maji chini, hutandaza kokoto unene wa sentimita 10, kisha humwaga juu yake mchanga maalumu unene wa sentimita 30.

Ufundi wenyewe uko pale mchanga unapokutana na kokoto. Chukua sponji iliyolowa uiweke juu ya kokoto: haitaachia maji mpaka ijae kabisa. Mchanga nao hufanya hivyo. Matundu yake madogo huyashika maji yasishuke kwenye matundu makubwa ya kokoto, mizizi ikapata pa kunywa. Mvua kubwa ikija, uzito wa maji hushinda nguvu ya mchanga, ya ziada yakashuka hadi kwenye mabomba. Grini hiyo hujihifadhia akiba, na mafuriko huyaondoa yenyewe.

Nyasi zake ni hadithi inayotuhusu. Katika nchi za joto, viwanja vingi hupandwa nyasi za jamii ya ukoka, ukoka ule ule ambao mkulima wa Urambo au Sikonge huung'oa kwa jembe na kuulaani. Huko Tifton, jimbo la Georgia nchini Marekani, mtafiti Glenn Burton alitoa chotara wa ukoka wa kawaida na ndugu yake mwembamba kutoka Afrika Kusini. Mwaka 1956 ikatoka aina ya Tifgreen ya kwenye grini, na mwaka 1960 Tifway ya kwenye njia za kuchezea. Chotara hawa hawazai mbegu zinazoota, hivyo hupandwa kwa vipande vya mashina. Afrika ilitoa mzazi, nasi leo tunauziwa watoto.

Sasa tupige hesabu ya maji. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Tuseme grini moja ina mita za mraba 500. Grini 18 zitakuwa na mita za mraba 9,000. Kiangazi, nyasi zikihitaji milimita 5 kwa siku, hizo ni lita 45,000 kila siku, sawa na ndoo 2,250 za lita 20. Ongeza njia za kuchezea, tuseme hekta 12: lita 600,000 kwa siku. Tabora mvua hunyesha kati ya Novemba na Aprili, na miezi inayobaki ni ya jua. Kwa siku 180 za kiangazi, njia hizo peke yake zingekunywa lita milioni 108.

Leo maji ya Ziwa Viktoria yanafika Tabora kwa bomba. Yamesafiri mbali, na kuyasukuma kuna gharama. Siamini kwamba yamesukumwa umbali huo ili yamwagwe juu ya nyasi za mchezo wakati kuna mama anayesubiri zamu bombani.

Wazee wa misafara waliijua hesabu hii kabla yetu. Njia ya kati ya misafara ilipita Ugogo, ambako watawala walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, na nguvu yao kubwa ilikuwa kwamba visima vilikuwa mikononi mwao. Kwa waliotoka pwani, baada ya Ugogo ilifuata Mgunda Mkali, nyika kavu ambayo msafara ulipaswa kuivuka kabla ya kuiona Unyanyembe. Kiongozi wa msafara alipanga vituo kufuata maji. Aliyepanga kinyume aliacha watu njiani.

Mjenzi wa uwanja naye afuate kanuni hiyo, na njia ipo. Viwanja vingi vya bara, Afrika Mashariki hata Magharibi, vilichezewa kwa miaka mingi kwenye grini za mchanga, ambazo kwa rangi yake zilipewa jina la brauni. Ardhi husawazishwa na kushindiliwa, mchanga laini hutandazwa, kisha hutiwa mafuta usipeperuke na mpira upate kuteleza. Kabla ya kupiga, mtu huburuta ubao kufuta nyayo. Hata Pinehurst nambari 2 huko Marekani, mmoja wa viwanja mashuhuri kuliko vyote duniani, ulikuwa na grini za mchanga na mfinyanzi hadi mwaka 1935, msanifu wake Donald Ross alipoziweka nyasi.

Brauni ina kasoro zake. Inapaswa kuwa tambarare, hivyo mchezaji hukosa somo la kusoma mteremko. Mpira unaotua juu yake hautabiriki kama kwenye nyasi. Kasoro kubwa zaidi ni ile desturi ya kumwaga oili chafu ya injini. Oili hiyo hubeba metali na sumu, na mvua za masika huzishusha ardhini hadi kwenye visima. Hilo likataliwe kabisa. Badala yake tunacho kichuguu, ambacho miombo yetu imejaa. Udongo wake hushikamana ukishindiliwa, na kwa sababu hiyo umesakafia nyumba na viwanja vya tenisi sehemu nyingi za Afrika. Ukichanganywa na mchanga laini, ukanyunyiziwa maji kidogo na kufagiwa, unastahili kujaribiwa.

Njia za kuchezea nazo zipandwe ukoka wa kienyeji, usiomwagiliwa. Kiangazi utakauka na kuonekana umekufa, lakini mashina yake ya chini ya ardhi hubaki hai, na mvua za kwanza huuamsha. Kati ya shimo na shimo pasimame miembe, mti ambao Tabora inaufahamu na ambao kivuli chake hakidai bomba.

Hukumu yangu ni hii: uwanja wa Tabora usiige rangi ya Lugalo. Mvua ikiisha uwe wa kahawia, kama miombo inayouzunguka. Nawaomba wapenda michezo na wapangaji wa mji wetu waanze na mashimo 3 tu, grini moja ya mchanga na kichuguu kando ya moja ya nyasi, na wapime maji kwa mita kiangazi kizima. Mita ndiyo itakayoamua.