Dirisha Linalotazama Ziwa

Nyumba ya wageni husimulia hadithi hata kama haina kitabu. Husimulia kwa picha za ukutani, kwa chakula inachouza na kwa upande ambao madirisha yake yamegeuziwa. Nililala siku mbili katika nyumba moja ya namna hiyo Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, na ninataka kuisoma kama ninavyosoma kitabu.

Ukurasa wa kwanza uko mapokezi: mchoro wa Wazungu wawili wakivuliana kofia. Ni Stanley na Livingstone, Ujiji, 1871. Ujiji iko mwendo mfupi tu kusini, na kila mgeni huhimizwa aende akaone makumbusho, sanamu za hao wawili na miembe inayosemekana kuwa uzao wa ule waliokutania chini yake. Sina ugomvi na kofia. Ugomvi wangu ni na pembeni mwa mchoro, ambako watu weusi wamesimama na mizigo, nyuso zao hazina macho. Susi, ambaye kwa maelezo ya Stanley mwenyewe alimsalimu kwa Kiingereza kabla Livingstone hajatokea, hatajwi. Haitajwi pia kwamba Ujiji ulikuwa mji kabla ya salamu hiyo: soko, bandari, na kituo kikubwa cha misafara ya pembe na watumwa kuelekea pwani.

Ukurasa wa pili ni menyu. Niliagiza migebuka kwa mawese. Mhudumu akasema hawapiki. Kuna sato, wanaletwa kutoka Mwanza. Hatua mia mbili kutoka mezani kwangu ulikuwa mwalo wa Kibirizi, na migebuka wakishushwa.

Ukurasa wa tatu ni dirisha, na hapo nyumba imefanya kazi nzuri. Jua huzama nyuma ya milima ya Kongo, maji yanageuka rangi ya shaba. Giza likiingia, taa za wavuvi zinawaka moja moja mpaka ziwa linafanana na mji. Karatasi ya chumbani inawashauri wageni waje wakati wa mbalamwezi, ndipo waone uzuri kamili. Aliyeiandika hajui anachokitazama. Dagaa hufuata taa; mwezi ukiwa mpevu, taa ya mvuvi haivuti kitu, na mitumbwi hubaki ufukweni. Mwaka 2024, uvuvi uliposimamishwa kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei ili samaki wazaliane, taa hizo hazikuonekana. Kwa mgeni hayo ni mandhari kupungua. Kwa Kibirizi ni ada ya shule, ni mkopo wa nyavu.

Upande wa mwalo, nyumba imejenga ukuta. Si mrefu, lakini unatosha: ukikaa barazani unaona maji na huoni wanawake wanaoanika dagaa. Harufu tu ndiyo inayoruka.

Asubuhi ya pili mhudumu aligonga mlango, akaniuliza kwa adabu, "Dada, nikufungie dirisha? Harufu ya dagaa hiyo."

Nikasema, "Nifungie tu."

Hapa ndipo usomaji wangu unapokwama. Shangazi yangu ameanika dagaa pale kwa miaka mingi; sare yangu ya sekondari ilinunuliwa kwa harufu ile ile. Nilikuja kukosoa ukuta, na kwa maneno mawili nikauongezea tofali.

Kwa hiyo sitasema nyumba ile ni mbaya. Shuka ni safi, watu wake wana heshima. Ninasema inauza ziwa bila watu wake, na inaweza kuuza vizuri zaidi: ipike migebuka, ieleze taa zile ni za nani, imwandike Susi jina lake chini ya mchoro. Hayo hayahitaji mfadhili. Ukuta wauache kama wanaupenda, ila watoboe mlango.

Mchana nilishuka mwaloni. Shangazi alikuwa anageuza dagaa kwa mkono, akanipa kigoda bila kuacha kazi. Akaniuliza nimelipa kiasi gani kwa usiku mmoja.

Nikamtajia nusu.